Ofa Mbili za Kazi na Ndo Kwanza Umetoka Chuo: Jinsi ya Kujibu Kila Mtu Bila Kuharibu Jina

Kila mahafali yakishapita maswali huwa ni yale yale, awe mtoto wa chuo cha ufundi cha Mombasa (TUM), wa Chuo Kikuu cha Pwani, ama yule alosomea Nairobi akarudi Kisauni kukaa na wazazi. Nimeitwa kazi huku lakini kule ndo nilifanya intavyu vizuri, nisubiri? Nikisaini hii halafu ile ikaja je? Nishasema ndio kwa simu, naweza kurudi nyuma? Na wengi huuliza saa tano usiku na jibu latakiwa kesho asubuhi. Basi nimeyaandika yote mahali pamoja, mwenzio akikuuliza mtumie.

Kabla ya hatua shika hili moja, manake ndo linabeba yote yaliyobaki: mji wetu wa Mombasa ni mdogo. Yule dada wa HR (ofisi ya kuajiri) uliyemzimia simu leo kwenye kampuni ya kliaringi, ya kupitisha mizigo forodhani, pale Moi Avenue, mwaka kesho waweza kumkuta hotelini Nyali ameshika faili lako. Mtu akikataa kazi kwa heshima, wiki haiishi washamsahau. Alosema ndio halafu akapotea, huyo hutajwa kwa jina. Kazi mbaya waweza kuiacha ukatafuta nyingine, jina likishaharibika utahangaika nalo miaka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Imeli yenye jina lako kamili. Ile ya kidato cha pili yenye jina la mwanamuziki iache, usiitume popote.
- Daftari ama karatasi moja ya kuandika kila kampuni: uliongea na nani, lini, alisema nini, na jibu lao watalitaka tarehe ngapi. Usitegemee kichwa, ukiwa na kampuni tatu utachanganya.
- Nakala za vyeti, kitambulisho, PIN ya KRA (ya kodi), namba ya NSSF (ya pensheni) na usajili wa SHA (bima ya afya), zote kwenye simu kwa PDF. Vyeti halisi vibaki nyumbani kwa mama.
- Hesabu ya matumizi yako ya mwezi: nauli, chakula, unachotoa nyumbani, na HELB (mkopo wa chuo) kama ulikopa.
- Mtu mmoja mzima anayefanya kazi ya kuandikwa, wa kukusomea mkataba. Mmoja tu. Ukiuliza ukoo mzima utapata majibu ya ukoo mzima.

Cheti cha polisi na zile klirensi za EACC (maadili na ufisadi), CRB (madeni) na HELB usikimbilie kuzilipia kwa kila tangazo unaloliona. Sheria ya ajira ilibadilishwa 2022, mwajiri hafai kukudai hizo karatasi kabla hajakusudia kukuajiri kwa mkataba wa maandishi. Ukiitwa rasmi ndo uzitafute.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ofa kweli

Hapa ndo wengi huteleza. "Tumeipenda intavyu yako" sio ofa. "Njoo Jumatatu tuongee" sio ofa. "Bosi ashakubali, wewe ngoja simu" hiyo ndo kabisa, kuna watu wamengoja hiyo simu tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Ofa ni barua ama imeli iloandikwa cheo chako, mshahara, mahali pa kazi, tarehe ya kuanza, na siku ya mwisho ya kujibu. Kimoja kikikosekana, uliza.

Na kuomba karatasi sio ujeuri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yasema mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uwe wa maandishi, na kazi ya kuuandaa ni ya mwajiri. Mtu akikuambia "sisi huku ni watu wa kuaminiana" mwambie vizuri tu kwamba wewe pia waamini, na wangoja barua.

Tahadhari tatu za haraka. Kwanza, ukiona "mshauri wa fedha" ama "afisa wa mauzo" na hakuna mshahara wa msingi, hiyo ni kazi ya komisheni. Si haramu na wako wanaoiweza, lakini usiilinganishe na kazi ya mshahara kana kwamba zimefanana. Pili, ukiambiwa utume pesa ya usajili, ya medikali ama ya "kufungua faili", na hasa ukiambiwa ni nafasi za bandarini kwa mlango wa nyuma, kata simu. Tatu, ofa ya Ghuba kupitia kwa ajenti, tazama kwanza kama huyo ajenti yuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA. Kama hayuko usimpe pasipoti ashike hata kwa dakika.

Hatua ya 2: Shukuru siku hiyo hiyo, lakini usikubali bado

Ukipigiwa simu ya kuambiwa umepata kazi moyo hudunda, na ukiwa na furaha mdomo hutoka "ndio, asante, naanza lini?" Tulia. Sema asante kwa dhati, uliza barua itakuja lini, uliza wataka jibu lini, basi. Baadaye siku hiyo hiyo uandike. Barua za kazi kwa kawaida utaziandika Kizungu, lakini maana iwe hii:

"Asante sana kwa kunichagua. Nimefurahi na nimeipokea ofa yenu. Naomba niisome kwa makini, nitawapa jibu kamili kufikia Alhamisi tarehe fulani, kabla ya saa kumi jioni."

Umeona? Hujasema ndio wala la, na umetoa siku na saa. Mtu wa HR akiwa na tarehe hakusumbui, akiwa hana atakupigia kila siku mpaka uanze kukwepa simu na hapo ndo mambo huharibika.

Hatua ya 3: Omba siku za kutosha, usizidishe

Siku tatu mpaka tano za kazi ni ombi la kawaida kwa mtu anayeanza, wiki moja ikiwa kazi ni ya kuhamia mbali. Wiki mbili kwa nafasi ya karani wa kuanzia ni nyingi, watampigia wa pili kwenye orodha na hutajua. Kama barua tayari ina tarehe na haikutoshi, omba mara moja tu, mapema, kabla ile siku haijafika. Kuomba muda siku ya mwisho saa kumi na nusu ni kama umekataa.

Sababu usizitunge. "Mama mgonjwa" ni neno baya kulitoa mdomoni kwa ajili ya kazi, na halafu kuna mtu ofisini amjua mama na jana walikuwa pamoja harusini Kibokoni. Sema ukweli mfupi: kuna mahali pengine nasubiri jibu, nataka nikisema ndio iwe ndio.

Hatua ya 4: Wajulishe wale wa pili, leo

Kampuni uliyofanya intavyu na bado haijajibu haijui kwamba una saa inayokwenda. Waambie. Watu huogopa hapa wakidhani wataonekana wanajivuna, na mimi naona kinyume, kampuni nyingi huamka zikisikia mtu ataenda. Andika hivi:

"Habari. Nilifanya intavyu kwenu tarehe fulani kwa nafasi ya fulani. Nimepata ofa mahali pengine na natakiwa kujibu kufikia Alhamisi. Nafasi yenu bado naipenda sana, ndiyo maana naomba kujua kama mtakuwa mmefikia uamuzi kabla ya siku hiyo."

Jina la ile kampuni nyingine usilitaje, mshahara wao usiutaje. Wakikuuliza, sema ungependa kuheshimu siri yao kama utakavyoheshimu yenu. Na usiseme una ofa kama huna! Hii ya kudanganya ili uharakishe watu nimeiona ikimrudia mtu, aliambiwa "basi chukua hiyo, kila la heri" akabaki mikono mitupu.

Tuma imeli asubuhi, halafu piga simu moja mchana. Kama hawakujibu mpaka siku yako ya mwisho, hesabu kwamba hawana ofa. Wazee walisema mshika mbili moja humponyoka, na kwenye mambo ya kazi mimi nasema usiiachie ile iliyo mkononi kwa sababu ya ile ambayo bado iko kwenye midomo ya watu.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya mkononi, sio ya kwenye barua

Hapa kaa chini na kikokotoo. Chukua mfano: ofa moja ni ya kontena yadi Changamwe, 45,000 kwa mwezi. Nyingine ni hoteli Diani, 38,000, na chakula na chumba kwenye nyumba za wafanyakazi. Wewe wakaa Mtwapa. Watu kumi ukiwauliza tisa watakwambia Changamwe, elfu saba zaidi, wauliza nini.

Haya tuone, kwa viwango vya 2025. NSSF ni asilimia 6, SHIF (ile bima ya afya ya SHA) asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Hizo zatolewa kwanza, kinachobaki ndo kinapigwa kodi ya PAYE: 24,000 za mwanzo asilimia 10, zinazofuata 8,333 asilimia 25, na juu ya hapo asilimia 30, halafu unarudishiwa nafuu ya 2,400.

Kwa 45,000 makato matatu ni kama 4,600 na PAYE kama 4,500, mkononi wapata karibu 35,900. Kwa 38,000 makato ni kama 3,900 na PAYE 2,600 hivi, mkononi karibu 31,500. Zile elfu saba zishakuwa elfu nne na kidogo.

Sasa nauli. Mtwapa mpaka Changamwe ni matatu mbili kwenda na mbili kurudi, tuseme 250 kwa siku ukibahatika, siku 26 manake kampuni nyingi za mizigo hufanya kazi mpaka Jumamosi: 6,500. Chakula cha mchana tuseme 150, siku hizo hizo: 3,900. Toa zote, Changamwe yabaki 25,500. Na Diani umelala huko na umekula huko, yabaki ile 31,500 ukitoa nauli ya kuja nyumbani siku za ofu na foleni ya feri Likoni.

Kwa hivyo Diani imeshinda? Ngoja kwanza. Uliza mkataba wa hoteli ni wa aina gani. Ukiwa wa msimu, Pasaka ikishapita na mvua za masika zikianza wageni hupungua, na hoteli za huku kwetu ndo hapo hupunguza watu mpaka watalii warudi. Mshahara wa miezi minane sio mshahara wa miezi kumi na miwili. Savis chaji, ile pesa ya huduma wanayolipa wageni, nayo usiitie kwenye hesabu kama mshahara, ipo wageni wakiwepo. Na yule wa Changamwe akijifunza kupitisha mizigo forodhani, baada ya miaka miwili ana ujuzi wa kuuza popote kwenye mji huu wa bandari. Mimi nambari nazipenda lakini kwa kazi ya kwanza hutazama zaidi utajua nini ukitoka pale.

HELB nayo itie. Ukishaajiriwa rasmi mwajiri hukata kwenye peislipu, usije ukashtuka mwezi wa kwanza. Na alawansi za pesa taslimu, za nyumba na nauli, zakatwa kodi vile vile, usizihesabu kama zawadi.

Hatua ya 6: Soma mkataba mpaka ukurasa wa mwisho

Vitu vya kutafuta:

Probesheni, yaani kipindi cha majaribio. Kisheria isizidi miezi 6, na ikiongezwa lazima wewe ukubali, na kwa jumla isipite mwaka. Katika kipindi hicho notisi ni siku zisizopungua 7. Ukishathibitishwa na walipwa kwa mwezi, notisi ya kawaida ni siku 28, ila mkataba waweza kuweka zaidi.

Likizo. Siku 21 za kazi zenye malipo baada ya miezi 12. Siku moja ya mapumziko katika kila siku saba ni haki yako pia. Ukiona pungufu, uliza.

Bondi ya mafunzo. Yaani wakikufundisha halafu ukatoka mapema, wawalipa. Soma ni pesa ngapi na miaka mingapi. Hii hufichwa kwenye kurasa za nyuma huko.

Shifti na usafiri. Ukitoka saa sita usiku Miritini kuna gari la wafanyakazi ama watakiwa kujitafutia boda? Wasichana hasa waulize hili, na wasione haya.

Ijumaa. Kama waswali, uliza sasa kuhusu saa ya swala ya Ijumaa, usingoje uingie ndo uanze kuvutana na supavaiza. Ofisi nyingi hapa Mombasa hazina shida nayo, lakini kiwanda chenye zamu huwa na mpango wake na ni vizuri kuujua.

Na mtu akitaka kushika vyeti vyako halisi "kwa usalama", mpe nakala zilopigwa muhuri na wakili. Vyeti halisi avione kwa macho, avirudishe hapo hapo.

Hatua ya 7: Kuomba waongeze, kama kuna haja

Waweza kuomba, hata kama ndo mara yako ya kwanza kuajiriwa. Lakini omba mara moja, taja kiasi, toa sababu ya kazi. "Nimefurahia ofa. Kwa kuwa nina cheti cha forodha na nilifanya atachimenti (mafunzo ya kazini) ya miezi mitatu kwenye kazi hii hii, naomba kama mshahara waweza kufika 48,000." Kisha nyamaza usubiri. Wakisema haiwezekani uliza kuhusu nauli, chakula, ama kuangaliwa upya mshahara probesheni ikiisha, na hilo la mwisho liandikwe.

Usifanye mnada. Kupeleka bei ya A kwa B, halafu ya B kwa A, halafu urudi tena, ni jambo la kuudhi na mgeni kwenye kazi hana nguvu hiyo. Na usiombe nyongeza kama tayari wajua utakataa hata wakiongeza, huko ni kupotezea watu muda.

Hatua ya 8: Sema ndio kwa maandishi, na ungoje karatasi yenye saini zote mbili

Ukishaamua, jibu kwa imeli, taja cheo, mshahara na tarehe ya kuanza vile vile ulivyoelewa, ambatanisha barua uliyosaini. Omba nakala yenye saini yao. Mpaka nakala hiyo ifike, ile ofa ya pili usiikatae. Lakini pia usikae nayo wiki nzima baadaye, ikifika tu, ndani ya saa 24 nenda hatua ya 9. Kuna kijana mwengine anaingoja nafasi hiyo huko Mikindani.

Hatua ya 9: Kataa ile nyingine, vizuri

Hii ndo hatua watu huikimbia na ndo yenye faida kubwa. Fupi, leo, kwa imeli, na kama mliongea sana na meneja mpigie simu kwanza.

"Asante kwa muda mlionipa na kwa ofa ya nafasi ya fulani. Baada ya kufikiria sana nimeamua kuchukua nafasi nyingine inayoendana zaidi na ninachotaka kujifunza kwa sasa. Haukuwa uamuzi rahisi. Natumai tutakutana tena kikazi."

Basi. Usieleze kwamba mshahara wao ni mdogo, usilaumu foleni ya Makupa. Wakiuliza kwa nini, jibu sentensi moja ya ukweli.

Sasa tuje kwa ile ngumu. Ile kazi unayoikataa uliipata kwa sababu ami aliongea na mzee fulani. Huku kwetu kazi nyingi hupatikana hivi na hakuna haja ya kujifanya haipo. Kosa ni kumwandikia HR halafu ami aisikie msikitini kwa yule rafiki yake. Huyo umemvunjia heshima mara mbili. Kwa hiyo kabla ya imeli yoyote, nenda kwake. Usipige simu kama wakaa mji mmoja, nenda, baada ya alasiri akiwa ametulia barazani:

"Shikamoo ami."

"Marahaba. Vipi, washaanza?"

"Bado ami, na ndo nimekuja kwa hilo. Nimepata na pengine, bandarini upande wa mizigo, ndo kazi nilosomea. Sikutaka uisikie kwa mtu. Nilitaka nikuambie wewe kwanza, na nikuombe ruhusa ya kumpigia mzee mwenyewe nimshukuru."

Atanuna kidogo pengine. Atasema "mimi nishampa neno langu." Msikilize, usijibizane, na usimwambie mshahara manake hapo ndo itageuka kuwa hesabu. Kisha mpigie yule mzee kweli, siku hiyo hiyo, mwambie ami hana kosa, uamuzi ni wako. Na kama wamjua mwenzio aliyesoma mliyosoma na hana kazi, mtaje. Ami aliyeonekana ameleta vijana wawili wazuri hatakasirika muda mrefu.

Hatua ya 10: Fungia milango iliyobaki

Zile intavyu ulizoitwa wiki ijayo, ziandikie ujitoe. Yule mhadhiri aliyekuandikia barua ya kukupendekeza, mwambie umepata, mshukuru. Kampuni nyingine zikikupigia mwezi ujao jibu kwamba umeshaajiriwa na uombe mawasiliano yabaki. Dakika tano tu.

Makosa yanayojirudia

Kusaini zote mbili "nitaona mbele". Huu ni uongo ulioandikwa kwa mkono wako, na siku ya Jumatatu mwili ni mmoja.

Kuposti. Barua ya ofa ukiipiga picha ukaitia statasi ya WhatsApp yenye mshahara na nembo, wajua nani ataiona? Subiri mwezi wa kwanza upite.

Kuacha atachimenti ama kibarua cha sasa kabla ya kupata nakala yenye saini.

Kuamini "mshahara utaongezwa baada ya miezi mitatu" ambao haupo kwenye barua. Haupo, basi haupo.

Kujibu kwa sauti ya WhatsApp. Vois noti ya dakika mbili ya kukataa kazi, na jogoo anawika nyuma, jamani.

Ikikwama

Wamenipa saa 24 tu. Uliza kama waweza kupata mpaka keshokutwa. Wakikataa, amua kwa ulichonacho: kama kazi ni nzuri na ile nyingine bado ni maneno, chukua. Ila haraka kupita kiasi, hasa ikija na kuombwa pesa ama karatasi isiyo na anwani ya ofisi, ni dalili ya utapeli, nenda ukaitazame ofisi kwa macho kabla ya chochote.

Nimeitwa kwenye orodha fupi ya kaunti ama serikali kuu, niikatae hii ya kampuni? Usiikatae. Kazi za serikali huchukua miezi na kuwa kwenye orodha fupi sio kuajiriwa. Anza hii, ile ikija utaamua wakati huo. Vile vile intanshipu ya PSC (Tume ya Utumishi wa Umma) ya mwaka mmoja: ni nzuri kwa anayetaka kuingia serikalini, lakini ikiisha hakuna ahadi ya kuajiriwa, kwa hivyo dhidi ya kazi ya kudumu ifikirie mara mbili.

Nilishasema ndio, sijaanza, na ile niliyoitaka imekuja. Soma kwanza ulichosaini kama kina notisi. Kama tofauti ni elfu tatu, baki. Kama ni kazi ya fani yako kabisa dhidi ya kazi ya kubahatisha, waweza kujitoa, lakini kwa simu, kwa mtu mwenyewe, siku hiyo hiyo, na ujue kwamba mlango huo pengine umefungwa. Usilete visingizio. "Nimebadilisha uamuzi, najua nimewaweka pabaya, samahani" yatosha.

Nishaanza, niko wiki ya pili. Uko kwenye probesheni, toa notisi ya maandishi ya siku zilizo kwenye mkataba, zisipungue 7, zifanye kazi zote, rudisha beji na yunifomu, omba barua ya kuondoka. Usiache kwenda tu. Mshahara wa siku ulizofanya ni haki yako, uudai kwa maandishi.

Wameniondolea ofa baada ya kuomba muda. Inauma. Kama ulikuwa hujasaini hakuna mengi ya kufanya, washukuru na uendelee. Kama ulishasaini na wao wakasaini, hiyo ni habari nyingine, peleka karatasi kwa afisa wa kazi kwenye ofisi ya Wizara ya Leba hapa Mombasa akusikilize kabla hujalipa wakili.

Kampuni zote mbili zimenyamaza. Fuatilia mara moja baada ya siku tano za kazi, mara ya pili baada ya wiki nyingine, kisha ziache kwenye daftari na uendelee kutuma maombi Jumatatu kama kawaida.